Nukta Moja kwenye Ramani

Somo yangu, mwanamke aliyenifunda unyagoni, aliniuliza swali moja tu kabla ya kujibu langu: "Nani ataona?"

Nilikuwa nimekaa barazani kwake, kijiji kimoja mbele ya Madimba, njia ya kwenda mtoni, simu ya mradi mapajani. Mradi wetu ulikuwa wa mbegu za muhogo na miche ya mikorosho, nami ndiye mtu wa takwimu. "Mimi na bosi wangu tu, somo," nikamwambia. Siku ile nilisema kweli kabisa.

Swali langu lilikuwa: umezaliwa wapi? Kwanza alisema, "Andika hapa hapa." Nikaandika. Kisha akacheka, akasogeza ungo wa makopa ya muhogo, akasema, "Futa. Wewe mwari wangu, nikikudanganya wewe nitamwambia nani ukweli? Nilivushwa mto mgongoni kwa mama. Mume wangu alijua, Mungu amrehemu. Sasa unajua wewe. Wakijua shemeji zangu, watasema mimi si raia, shamba la korosho si langu tena, na hapa si kwangu tena."

Nikafuta, nikaandika Msumbiji. Ningeliacha lile jibu la kwanza, dunia isingepungukiwa kitu. Lakini nilikuwa najivunia takwimu safi, mjinga mimi.

Ofisini kwetu mjini, Shangani, programu tunayochorea chati ina vyumba. Chumba chetu kilikuwa na kufuli, tunaingia mimi na bosi. Kingine kilikuwa cha wadau, yaani kila aliyewahi kukaa kwenye semina yetu, akala biskuti na kuacha barua pepe yake. Siku moja bosi akataka ramani ya wakulima waliozaliwa ng'ambo iwekwe chumba cha wadau, ili wapangiwe mbegu. "Ramani tu," alisema. "Majina toa."

Majina nikatoa. Nilipobonyeza kushirikisha, programu iliniuliza kama watazamaji waruhusiwe kuona na data iliyo chini ya ramani. Alama ya ndiyo ilikuwa imeshawekwa. Ilikuwa Ramadhani, jioni inaingia, na mimi nawaza kufika Magomeni kabla ya adhana, nikazikute tambi za kufuturu. Nikabonyeza.

Baada ya sikukuu niliifungua ramani ile nirekebishe rangi. Pembeni huonekana waliotazama. Nilitegemea watu wanne. Walikuwa kumi na tisa, wengi wao siwajui, na wawili walikuwa wamepakua. Nikakitafuta kijiji cha somo yangu. Kilikuwa na nukta moja tu. Nikaibonyeza. Mjane. Umri wake. Mikorosho yake. Shamba linapakana na mikoko. Kuzaliwa, Msumbiji. Jina halikuwepo, lakini kijiji kile hakina mjane mwingine mwenye shamba linalopakana na mikoko.

Nikafunga kila kitu. Bosi akasema, "Si umeshafunga? Basi, yaishe." Nilitamani kumtupia kiti. Kilichopakuliwa hakirudi chumbani.

Wiki mbili hakikutokea kitu, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Nilikuwa nikimpigia somo yangu kila jioni, nikimuuliza habari za mafua yake, nikikosa ujasiri wa kusema lililonifanya nipige. Alikuwa akinitania: "Mbona umenipenda ghafla?" Alhamisi moja alinipigia yeye, asubuhi, na hakutania. "Shemeji yangu kaniuliza nimezaliwa wapi," alisema. "Tangu niolewe hajawahi kuniuliza. Na kaniachia karatasi. Kesho naitwa ofisi ya kijiji. Njoo unisomee."

Somo yangu hajui kusoma. Nilifika mchana ule ule, akanipa chai kwanza, akasubiri nimalize, ndipo akaitoa karatasi chini ya mkeka. Nikaikunjua. Rangi zile nilizichagua mimi. Nukta yake ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu.

"Inasema nini?"

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina la aliyeitayarisha. Nikaanzia hapo. Nikasoma jina langu, kisha nikasoma yote yaliyobaki.

Hakunigombeza, na laiti angenigombeza.

"Wako wengine humu?" akauliza.

"Wapo, somo."

"Wanajua?"

"Hawajui."

"Basi nenda kawaambie kabla hawajaulizwa."

Ijumaa, ofisi ya kijiji walimsubiri mpaka adhana ya mchana. Mimi nilikuwa kijiji cha tatu, napiga hodi kwenye mlango wa nukta nyingine, simu ikaita. Alikuwa jirani yake. Mlango umefungwa kwa kamba, alisema, na makopa hayapo ungoni. Kavuka mto alfajiri, karudi Msumbiji, kule kule ambako wenzake wanakimbia vita.