Pembe za Babu Yake

Vakansi ile, shule zikiwa zimefungwa, tulienda Bagamoyo kutembea na kuona bahari, mimi na rafiki yangu wa masomo. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Kabambare. Yeye ni wa Kasongo mjini, na njia nzima alinichosha na sifa za babu wa babu yake, mfanyabiashara aliyetoka pwani hiyohiyo.

Ndani ya jumba la makumbusho, mtembeza wageni alituonyesha mnyororo wa shingo wa watumwa. Akasema, kama mtu anayetaja bei ya samaki, kwamba wengi waliofungwa humo walitoka Manyema. Manyema ni kwetu.

Rafiki yangu akaninong'oneza, “Babu alikuwa anauzisha pembe za tembo tu. Hapana watu.”

“Na zile pembe zilitembea zenyewe mpaka hapa?”

Bahari ilikuwa pale nje, lakini hamu ya kuiona ilikuwa imeniisha.

Kurudi, toka Kalemie mpaka Kabambare, tulipanda pikipiki moja kama tulivyokwenda: dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma. Barabara ile ni mashimo matupu, lazima umkumbatie aliye mbele yako. Wakati wa kwenda nilimkumbatia. Safari hii nilishika chuma cha nyuma mpaka viganja vikachubuka.