Mama Rangi na Soko Lililosusiwa

Afisa mipango wa mji ule mdogo, uliokuwa kijiji mpaka juzi juzi na wenyewe bado haujapata habari vizuri, aliitwa Mama Rangi. Jina lilitokana na ramani iliyojaza ukuta mzima wa ofisi yake: nyekundu biashara, njano makazi, kijani mashamba, zambarau viwanda. Mbuzi wa mji hawakuziheshimu rangi hizo hata kidogo, na watu, tuseme ukweli, waliwaiga mbuzi.

Kwenye nyekundu palisimama soko jipya: meza za saruji, paa lisilovuja, choo chenye mlango unaofungika. Walioripoti kazini ni kuku tu. Wachuuzi wote walikuwa nyuma ya kilima, kwenye zambarau, vibanda vimebanana kuizunguka mashine ya kusaga nafaka. Mwenyekiti wa halmashauri akatoa amri: Jumatatu trekta lipite, vibanda vyote chini. Mama Rangi akazunguka na kopo la rangi akivipiga alama ya X, mpaka akafika kwenye kibanda cha nyanya cha wifi yake, dada wa mumewe, mjane aliyekuwa akisomesha watoto kwa kibanda hicho hicho.

"Piga tu, wifi," alisema mwenye nyanya. "Ukimaliza ubao, nipige na mimi kifuani, usione aibu."

Alipiga ubao. Lakini tangu hapo swali likamkaa kama mfupa kooni: watu hawa wana nini? Kivuli wamepewa, choo wamepewa, wao wanang'ang'ania vumbi na kelele! Chuoni alifundishwa kwamba biashara huenda inakopangiwa. Mhadhiri aliyefundisha hayo, mayai yake aliyanunua dirishani kwa jirani.

Jumamosi mama mkwe akamsukumia ndoo ya mahindi. "Unga wako wa pakiti una ladha ya karatasi. Nenda kasage. Au cheo hakibebi ndoo?"

Cheo kikabeba. Kule mashineni msagaji, mweupe wa unga mpaka kwenye kope, akamwambia mkanda umekatika, asubiri.

Akasubiri, na mikono ikaanza kumwasha. Akanunua nyanya kwa wifi yake, aliyempimia bila kumtazama. Akampa fundi kiatu ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Akatafuna karanga. Akanunua kitana, yeye aliyenyoa kipara tangu mwaka jana. Mashine ilipoanza tena kunguruma, Mama Rangi alikitazama kile kitana kwa muda mrefu. Hapana mtu anayetoka kwake kukifuata kitu kama hiki. Watu walitoka kufuata unga. Vingine vyote waliviokota katika kusubiri.

"Wifi," aliuliza, "zamani mashine hii ilikuwa wapi?"

"Hapo hapo mlipojenga soko lenu. Mkasema inapiga kelele, mkaihamishia huku."

"Nani alisema?"

Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaangalie mlango wa soko unatazamana na nini!"

Ulitazamana na nyumba ya kulala wageni ya Mwenyekiti.

Jumatatu asubuhi trekta lilikuwa linanguruma nje ya ofisi, dereva juu, Mwenyekiti chini.

"Mheshimiwa, tusibomoe," alisema Mama Rangi. "Turudishe mashine sokoni, vibanda vitafuata vyenyewe."

"Haiwezekani! Kelele ni zambarau, wewe mwenyewe ulipaka. Wageni wangu watalalaje?"

"Mashine inasaga mchana."

"Wako wanaopumzika mchana."

"Hao ndio ninaowashangaa, mheshimiwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Wanaingia wawili wawili, hawana begi, wanatoka chai haijapoa. Hivi wanalala saa ngapi?"

"Tena hao kelele ingewasitiri," alidakia dereva kutoka juu.

Watu waliokuja kuangalia ubomoaji wakaangua kicheko. Mwenyekiti aliwatazama, wote wapiga kura, akakohoa, akasema kwamba wazo hilo kwa kweli alikuwa nalo siku nyingi.

Trekta likaenda nyuma ya kilima likarudi linaikokota mashine, na nyuma yake vibanda vikafuata, mbao vichwani mwa wachuuzi, kila mmoja na X yake. Mama Rangi akapaka doa la zambarau katikati ya nyekundu. Ramani ikawa kama imepigwa ngumi.

Jioni wifi yake alikuwa amebakiza nyanya tatu zilizobonyea. "Chukua hizi, wifi. Za kulipia rangi yako."

Mama Rangi alizipokea, lakini macho yalikuwa kwingine. Fundi viatu alikuwa ameziacha meza zote za saruji, ameketi mlangoni mwa choo, na kazi imemzidi. Kwa nini pale?

Akashika nyanya zake, akaenda kupanga foleni ya choo ili ajue.