Kipaza Sauti cha Baba Rukia

Leo nimekichomoa kwenye kompyuta kile kipaza sauti cha marehemu mume wangu.

Alikuwa akirekodi nacho aya kwa wanafunzi wake wa madrasa hapa Waa. Tangu atutoke, nilikataza mtu yeyote kuigusa meza yake.

(Mliofiwa, nambieni, nanyi mlifanya hivyo?)

Nilitaka tu kuisikia sauti yake. Lakini kompyuta kila ikiwashwa inaganda pale pale mwanzo, haifunguki.

Niko eda, sitoki. Basi fundi amekuja kutoka Ukunda, akakaa barazani akituelekeza nyuma ya pazia. Wifi yangu Mwanaisha ndiye aliyekuwa akibonyeza.

"Mathe, kuna kitu kimechomekwa hapo?"

"Mathe ni mamako," wifi akamjibu. "Huyu ni Mama Rukia."

"Samahani, Mama Rukia. Chomoeni kila kitu, mbakishe kibodi na kipanya."

Wifi akanitazama. Kipaza sauti alikichomeka marehemu mwenyewe, kabla hajalazwa hospitali.

"Na kipaza sauti pia?" nikauliza.

"Hicho hasa. Kikiwa kibovu, mashine inakaa kukingoja tu."

Nikasema bismillahi, nikavuta.

Ikafunguka.

Kumbe nilichokuwa nikikilinda ndicho kilichonifungia mlango.

Nikafungua rekodi yake ya mwisho, nikitarajia aya. Kwanza akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku: "Mama Rukia, hebu punguza redio, narekodi."

Wifi akaangua kicheko, halafu akalia.

Mimi nilikuwa nimeshaitika: "Labeka."