Diski Shingoni mwa Deo

Kamba ya katani ikilowa hunuka kama shingo ya mbuzi. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kulichunguza jambo hili, lakini mimi nimelifikiria kuliko hesabu zote nilizowahi kupewa. Muhula uliopita, siku ya kufunga shule, mvua ilitukuta kwenye foleni na masanduku yetu, na kwa sababu kufuli la sanduku langu lilivunjika kitambo, nilikuwa nimelifunga kwa kamba hiyo. Harufu ikapanda. Marafiki zangu walikuwa wakingoja nimwigize naibu wa mwalimu mkuu, maana hiyo ndiyo kazi inayojulikana kuwa yangu pale shuleni, kuiga watu. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wakadhani kunyamaza ni sehemu ya mchezo, wakacheka, na hapo ndipo nikaogopa kabisa, kwa kuwa nilimkumbuka mtu mwingine aliyenyamaza, nasi tukamcheka.

Naitwa Khasandi, niko kidato cha tatu. Habari hii ni ya nilipokuwa darasa la nne, na sijaisimulia kwa mtu. Nyinyi mnisikilize tu, msinihubirie.

Tulikaa Lurambi, huko Kakamega, mimi, mama na kukhu, yaani nyanya yangu mzaa mama. Mama alifundisha Kiingereza cha kuzungumza kwa wanafunzi wa chuo kikuu walioanzia mwanzo kabisa. Najua mnajiuliza mtu amefikaje chuo kikuu bila Kiingereza. Hata mimi nilijiuliza, kwa sauti, mbele yao, nikafinywa paja hadi nikaona nyota mchana. Walikuwa wametoka Burundi na Kongo, wamesoma kwa Kifaransa tangu utotoni wakaiva. Angeweza mtu kukueleza jinsi daraja linavyobeba lori, lakini kuomba chumvi kwa Kiingereza akashindwa. Chuo kiliwapa muhula mmoja wa kujifunza kusema, kisha kila mmoja asimame mbele ya jopo la wahadhiri, aulizwe maswali, ajibu. Ukipita unaanza mwaka wa kwanza. Usipopita unarudi kwenu.

Jumamosi madarasa ya chuo yalijaa watu wengine, kwa hivyo somo lilifanyika sebuleni kwetu. Walikuwa sita, wamebanana kwenye makochi yenye vitambaa vya mama vya kufuma, na wa mwisho alikalia stuli ya jikoni. Nyumba ilinuka chai ya maziwa iliyofurika jikoni, majani ya mikaratusi na soksi za watu wazima. Saa tisa mvua ilikuja kama iliyoajiriwa, ikapiga mabati mpaka mama akanyamaza katikati ya neno na kungoja na kidole hewani. Mvua ya kwetu haibishani na mwalimu. Inamaliza yake, halafu anaendelea.

Mama alikuwa na sheria moja: ukivuka zulia la mlangoni, Kiswahili kimebaki nje na viatu. Alikuwa pia na kifaa kimoja cha kufundishia, nacho kilikuwa mimi. Aliamini kwamba mtu mzima anaogopa kukosea mbele ya mtu mzima mwenzake, ila mbele ya mtoto hana aibu. Basi kila mwanafunzi alikaa nami dakika tano, akaniambia jina lake, kwao, na watu wa familia yake, nami nikamuuliza maswali kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, nikijisikia kama waziri. Wakishaondoka nilimfuata kukhu jikoni na kuwaigiza mmoja mmoja. Kukhu alicheka mpaka anashika mbavu.

Deo ndiye niliyempenda. Alikuwa mrefu hivi kwamba aliinama mlangoni hata palipokuwa na nafasi, kwa mazoea. Alikuja kusomea mambo ya maji: mabwawa, mifereji, namna ya kuuzuia mto usile shamba la mtu. Alifika mapema kuliko wote, na huko nje barazani, kabla ya zulia, alinisimulia kwa Kiswahili cha Bujumbura jinsi viboko wanavyotoka ziwani na kutembea barabarani kama watu wanaotoka harusini. “Weye Khasandi,” alikuwa akisema, “kiboko hana haraka, tena hasalimii mtu.” Sauti yake ilikuwa nzito na ya kubembeleza. Angeweza kuuza redio kwa hiyo sauti.

Akivuka zulia, sauti ile ilibaki nje. Ndani alikwama kwenye jambo dogo la ajabu. Somo la familia ndilo rahisi kuliko yote. Ni kusema una mama, una baba, una ndugu wangapi. Deo Jumamosi moja alisema ana kaka wawili. Jumamosi ya pili akasema mmoja. Ya tatu akasema wawili, akasita, akasema mmoja. Mama aliandika kwenye daftari lake kwamba Deo hajashika nambari, akanipa kazi ya kumfunza. Nikamshika vidole. Nikamhesabisha kaka zake, moja, mbili, moja, mbili, kama anavyohesabishwa mtoto wa chekechea, naye akanifuata taratibu akivitazama vile vidole kama si vyake.

Sasa niwaambie kuhusu diski. Waliosoma shule kama yangu wanaijua. Ilikuwa kipande cha mbao, cha mraba, sijui kwa nini tuliiita diski, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Aliyesikika akisema Kiswahili au Kiluhya uwanjani alivishwa shingoni, akazurura nayo akitega masikio mpaka amnase mwingine. Aliyekutwa nayo asubuhi ya Jumatatu alijua cha kutarajia. Ijumaa moja iliniangukia mimi dakika ya mwisho kabisa, kengele ikilia, kwa sababu nilikanyagwa mguu nikalia kwa lugha ya kukhu. Nikaenda nayo nyumbani nikipiga hesabu: sheria haikusema popote kwamba lazima umvishe mwanafunzi wa shule yetu.

Jumamosi mama alibadilisha somo. Alitaka kila mtu asimame, asimulie siku moja ambayo hawezi kuisahau. Wa kwanza akasimulia ndege, wa pili mtihani. Deo akasimama wa tatu. Akaanza kwa Kiingereza, neno, kimya, neno, kimya. Akasema siku. Akasema mto. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, na ile sauti ya barazani ikavuka zulia.

“Maji yalikuwa mengi,” akasema kwa Kiswahili. “Mimi nilikuwa mbele, mdogo wangu nyuma. Akaniita. Nikageuka, akaniambia...”

Watu wote waliinama mbele. Hata mama hakukatiza. Nakumbuka kalamu yake imesimama. Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya kochi nyuma yake. Nikamvisha diski.

Nikapiga makofi, nikatangaza kwamba amenaswa. Mmoja akacheka, akafuata mwingine, sebule nzima ikacheka, mama naye akacheka huku anatikisa kichwa. Lilikuwa jambo la kuchekesha, msinitazame hivyo. Jitu lile zima na kibao cha watoto kifuani. Deo alikishika, akakigeuza, akatabasamu kidogo. Nikamweleza sheria kwamba atakaa nacho mpaka amsikie mwingine akisema Kiswahili, amvishe. Akaitikia kwa kichwa. Akakitia ndani ya shati, akaketi.

Mama akasema njia hiyo si mbaya, akamwita mwanafunzi wa nne. Mvua ikaja. Hakuna aliyemuuliza Deo mdogo wake alisema nini.

Jumatatu niliwaambia shuleni kwamba diski imetumbukia chooni. Nilichapwa viwili, na kufikia saa nne walikuwa wamechonga nyingine. Mbao si kitu adimu Kakamega. Kwa hivyo hakuna aliyeihitaji ile ya kwanza. Ningeweza kumwambia Deo aitupe. Sikumwambia, kwa sababu ilikuwa ikinichekesha.

Hakuwahi kumvisha mtu. Wenzake walikuwa wakisahau na kusema Kiswahili mbele yake waziwazi, tena wengine kwa makusudi, lakini yeye aliwatazama tu. Jumamosi zilizofuata alifika mapema kama kawaida, akaketi barazani, na nilipomuuliza habari za viboko alitikisa kichwa na kuniambia kwa Kiingereza kwamba hali ya hewa ni nzuri. Ilikuwa inanyesha. Nikiwa karibu naye niliona kamba kwenye ukosi wa shati, imekuwa nyeusi kwa jasho, na nilisikia harufu yake. Kukhu aliiona pia siku alipowaletea chai. Akaniuliza kwa Kiluhya, kwa ile sauti yake ya kusikika mpaka sokoni, “Kwani mmemfunga mgeni kama ndama?” Nikajibu ni masomo. Jioni nikamwigiza Deo kwa ajili yake: nikaketi, nikanyamaza, nikashika kifua. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kukhu hakucheka.

Jopo lilikaa siku ya Alhamisi. Mama alikuwemo chumbani kama mwalimu wao, na alirudi mapema kuliko nilivyotarajia, akaketi jikoni na viatu vyake vya kazini miguuni, akaanza kuchambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Watano walikuwa wamepita. Alitusimulia bila kututazama.

Alisema jopo halikuwa kali. Mwenyekiti alimsalimu Deo, akamuuliza swali la kwanza, la kumtuliza tu, ambalo mama mwenyewe aliwaomba waanze nalo kwa sababu ni jepesi kuliko yote: una ndugu wangapi? Deo akasimama pale. Wakarudia. Wakamngoja. Mwisho mwenyekiti akamwambia kwa upole aseme basi kwa Kiswahili, wapate kusikia tu kwamba ana la kusema, Kiingereza kingefuata.

“Akakataa kwa kichwa,” mama akasema. “Akaweka mkono hapa.” Akaweka wake chini ya koo. “Sijui alikuwa na nini hapa. Labda kifua kilimbana.”

Mimi nilijua alikuwa na nini hapo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe mkononi, na nilikuwa na Kiswahili chote, Kiingereza chote na Kiluhya chote cha kumwambia mama. Nikanywa chai.

Jumapili alikuja kuaga. Mama alikuwa bado kanisani kwenye mkutano wa akina mama, nami niliposikia hodi nilijificha chumbani, nikachungulia kwenye ufa wa pazia. Kukhu alimwingiza jikoni, akamwonyesha stuli, akaendelea kumenya viazi. Deo aliivuta stuli, akaketi kando yake. Akavua kamba shingoni, akaiviringa, akaiweka kwenye maganda ya viazi. Kisha akaanza kusema.

Hakusema Kiingereza wala Kiswahili. Ilikuwa lugha ya kwao, Kirundi, na ilitoka bila kukwama, ile sauti nzito ya barazani, ndefu, ikishuka na kupanda. Nilitega masikio kama sijawahi kuyatega hata nilipokuwa na diski mwenyewe. Niliambulia maneno mawili tu, kwa sababu yanakaribiana na yetu: maji, na mtoto. Maji, mtoto, maji. Mahali fulani aliinua mikono kama mtu anayepokea kitu kutoka juu, ikabaki hivyo hewani, mitupu. Kukhu aliacha kisu. Akamshika mkono mmoja, akautuliza magotini pake, akawa anaguna, mm, mm, mpaka alipomaliza. Kisha akampa viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, vya safari.

Kwa miaka kadhaa nilijifariji kwa picha hiyo. Nilijiambia kwamba angalau hadithi ilifika mwisho, na kuna mtu mmoja anayeijua, maana niliamini Kiluhya cha zamani cha kukhu kiliambulia zaidi ya maneno yangu mawili. Nilimsumbua kukhu anieleze Deo alisema nini. Alinijibu kila mara kwamba yule kijana alikuwa na mikono baridi, basi. Nikadhani ananificha kwa sababu ya kosa langu. Akafariki nikiwa darasa la saba, nami nikalia pia kwa ajili ya hadithi, maana nilidhani amezikwa nayo.

Ni baadaye sana, nikiwa tayari sekondari, niliposimama jikoni mle mle na kujaribu kukumbuka nani alikaa wapi. Kukhu alikuwa karibu na dirisha, stuli ikawa upande wa ukuta, kushoto kwake. Na sikio la kushoto la kukhu lilikuwa limekufa tangu kabla sijazaliwa. Ndiyo maana alisema kwa kupaza sauti. Hakuna mgeni wetu ambaye hakujua. Ulikaa kulia kwake, au ulizungumza na ukuta. Deo alikuwa amekuja kwetu muhula mzima, amempokea chai kila Jumamosi, na siku zote alihamia kulia.

Siku hiyo kulia palikuwa na nafasi. Nimekumbuka mara mia, palikuwa na nafasi. Aliivuta stuli mwenyewe, akaipeleka ng'ambo ya pili.