Taa ya Chumbani kwa Mama

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu hunirudisha Kingstanding, mtaa wa huku ughaibuni, kwenye nyumba ya kaunsili, ya kupangishwa na serikali ya mtaa, tuliyopewa nikiwa na miaka minane. Baridi ilikuwa imeshika, na kila chumba kilikuwa na balbu tupu inayoning'inia darini. Mama alikuwa akitunza wazee usiku na kulala mchana. Jumamosi moja tulienda duka la mitumba kuchagua taa ya chumbani kwake. Mimi nilitaka nyeupe, kali. Akakataa kabisa. "Hiyo ni kama ya kazini, nimeichoka. Tubebe hii ya manjano, angalau ifanane na jioni ya kwetu Nakuru."

Akaiweka kando ya kitanda na kutoa sheria: mwanga ukionekana chini ya mlango, ameamka, niingie, kukiwa giza, nimwache alale. Subira huvuta heri, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukaa likizo nzima kwenye ngazi yenye baridi wakichungulia ufa wa mlango. Tulikaa chini ya paa moja, na bado nilimkumbuka Mama kama mtu aliye safarini. Siku moja nikashindwa. Nikanyata, nikawasha taa, nikatoka, nikafunga mlango polepole, kisha nikabisha hodi kwa adabu zote.

"Nani amewasha taa?" Mama akauliza.

"Sijui, lakini imewaka."

Hakuwa amelala hata kwa muda wa saa mbili. Nilingoja kofi, nikasikia kitanda kikilia: alikuwa akisogea kunipa nafasi. "Haya, ingia. Sheria ni sheria." Alisinzia tena akiwa amenishika mkono, nami sikuthubutu hata kukohoa.

Leo ninaishi Moseley, mtaa mwingine wa mji huohuo, na wiki hii nilikuwa nikimchagulia binti yangu taa ya chumbani. Nilimtolea ile ya manjano, niliyoitunza tangu Mama alipofariki. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba imepitwa na wakati. Anataka zile zinazobadili rangi kwa simu. Nikamnunulia. Nyumba nzima sasa inang'aa, hakuna pembe isiyo na swichi, na mimi nina hamu na Mama kuliko niliyokuwa nayo pale kwenye ngazi.

Jana, binti alipokwenda shule, niliiweka ile taa katika chumba cha wageni, kando ya kitanda. Nikaiwasha, nikatoka, nikafunga mlango polepole. Nikabisha hodi.