Feiza na Sauti ya Mama Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini nilichapwa kofi mkononi. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na aliyenichapa ni Mzee wa Duka, Mhindi aliyekuwa na duka la redio pale Shinyanga mjini, jirani na stesheni ya reli. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nakula karanga, nikagusa kichwa cha rekoda kwa kidole. Kichwa ni kile kichuma kidogo kinachosoma tepu. Kikipata mafuta, sauti inatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. "Kidole ni cha kulia ugali," akaniambia. "Hiki kinaguswa kwa pamba na spiriti." Alizaliwa hapo hapo Shinyanga na Kisukuma alikijua kunishinda, kwa hiyo hata matusi alinipa ya nyumbani.

Halafu akanionyesha kitufe chekundu cha kurekodia. "Hiki, kabla hujakibonyeza, uliza mara mbili. Uliza ndani ya kaseti kuna nini. Halafu uliza ni cha nani." Nikamwitikia "Ndiyo, Mzee," vile tunavyowaitikia wakubwa ili watuache. Ninyi vijana wa kompyuta mnaobonyeza, mkikosea mnarudisha nyuma, mnaona hayo ni maneno ya wazee. Kaeni mnisikilize hivyo hivyo, maana hasira niliyonayo mnaitia petroli ninyi.

Kwa Mzee wa Duka nilikaa miaka minne. Nilijifunza kuchomelea waya kwa risasi bila kuunguza transista, kunyoosha tepu iliyoliwa na mashine, na kutofautisha spika iliyokufa na spika iliyokata waya tu. Ilikuwa miaka ya tisini, na watu walikuwa wanamiminika Geita kwenye maduara, ndiyo mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nami nikaenda. Sikwenda kuchimba. Nilikuwa nimesikia kuna mtu anatafuta fundi wa studio.

Mtu huyo tulimwita Mkurugenzi. Hakuna alichowahi kukiongoza. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, siku moja akachongesha mhuri ulioandikwa Mkurugenzi, basi na sisi tukamwita hivyo. Studio ilikuwa nyumbani kwake, chumba cha uani. Kuta tulizipangia magunia ya pamba kutoka chini hadi dari ili sauti isirudi, na dirisha tukaliziba kwa godoro. Joto lake, jamani! Mwimbaji alikuwa anatoka humo amelowa utadhani amevushwa mtoni. Lakini ukimya wa chumba kile sijaupata tena mahali popote.

Mashine yetu ilikuwa ya njia nne. Maana yake, kwenye kaseti moja ya kawaida unarekodi vitu vinne kimoja kimoja, halafu unavisikiliza kwa pamoja. Tulikuwa na kinanda, gitaa, maiki mbili, na feiza. Mkurugenzi aliinunua kwa bendi moja ya Mwanza iliyokuwa imevunjika. Kiboksi cha bati, kinakaa kiganjani, kina kitufe kimoja cha kuzungusha na swichi ya kukanyaga kwa mguu. Ndani yake hamna kompyuta hata punje, ni transista na vikorokoro vyake tu, na betri ya mraba ya volti tisa. Ukimaliza kazi unachomoa waya, la sivyo betri inaliwa mpaka asubuhi imekwisha.

Feiza inafanya hivi. Sauti ikiingia inagawanyika. Upande mmoja unapita ulivyo, upande wa pili unasukumwa nyuma kidogo, kidogo mno hata sikio halijui kuwa kuna kuchelewa. Pande hizo zikikutana tena, mahali pengine zinasaidiana na mahali pengine zinauana. Na mahali hapo panapouana hapatulii, panapanda na kushuka kwa mwendo ulioupanga kwenye kitufe. Ndiyo maana unasikia sauti inazunguka, inakuja na kuondoka. Kaongee mbele ya feni utanielewa. Kwenye gitaa ni tamu sana, mradi kitufe usikipitishe robo. Ukikizidisha, mpigaji mzuri anasikika kama mlevi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Feiza ni ya gitaa. Ni ya kinanda. Mtu akitaka iwe ya sauti yake, aseme mwenyewe kwa mdomo wake.

Mama Kabula alikuja kwa lori la pamba kutoka kijiji kimoja upande wa Ushirombo. Alikuwa mjane, mrefu, macho mekundu kwa moshi wa kuni kama mama zetu wote wanaopika jikoni kwa kuni. Kule kwao alijulikana kwa nyimbo za palizi: watu wanajipanga mstari shambani, yeye anaanzisha, majembe yanashuka kwa pamoja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa juu ya gunia bila kungoja kiti.

"Kabula wangu ameolewa mbali, huko Sumbawanga," akaniambia. "Hajarudi tangu aolewe. Nataka umtilie nyimbo zangu kwenye kaseti. Lakini Fundi, anisikie mimi. Asisikie redio, anisikie mimi mama yake."

"Atakusikia wewe, mayu," nikamjibu, yaani mama kwa Kisukuma. Nilimwahidi kwa mdomo huu.

Bila jembe mkononi hakuweza kuimba. Alijaribu, wimbo ukakataa. Nikamletea jembe na karai lililojaa udongo, akainama, akapiga, akaimba. Nawaambia ukweli, katika maisha yangu yote ya kazi sijarekodi kitu kizuri kama kile. Pumzi yake ilisikika, udongo ulisikika, na mwisho wa wimbo alilitaja jina la Kabula na kicheko kidogo ambacho hakukipanga. Alipokwenda kunywa maji nilibaki nimeshika kichwa.

Akaingia Mkurugenzi, akasikiliza, akakunja uso.

"Hii nani atanunua? Weka kinanda, weka gitaa, weka besi na ngoma."

"Mkurugenzi, mama anataka ya kumpelekea mwanawe tu."

"Ya mwanawe atapewa. Mimi nataka ya kuuza mnadani. Na sauti hiyo ipitishe kwenye kile kiboksi, izunguke."

"Kile ni cha gitaa."

"Wewe ni fundi au ni mwenye studio?"

Njia zilikuwa nne tu na vitu alivyotaka vilikuwa vitano. Dawa yake ni kuhamisha: unachukua sauti na gitaa, unavipitisha pamoja kwenda njia moja, halafu kule vilikotoka unafuta, upate nafasi ya besi na ngoma. Nikimpitisha mama kwenye feiza wakati wa kuhamisha, sauti yake safi haitakuwepo tena duniani. Nilijua. Nilisema tuitolee nakala kwanza. Mkurugenzi akasema kaseti tupu zimekwisha, tusipoteze siku.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Mfukoni mwa koti langu mlikuwa na kaseti. Muziki wa dansi, nilioudaka redioni kwa wiki nzima nikisubiri kila wimbo na kidole kwenye kitufe. Nikaishika. Nikaona uchungu kuifuta. Nikairudisha mfukoni, nikachomeka waya wa feiza, nikabonyeza chekundu. Sikuuliza hata mara moja.

Kaseti tupu zilipoletwa, Mama Kabula alipewa yake imefungwa kwenye karatasi, yenye feiza ile ile. Nyumbani hakuwa na redio, kwa hiyo aliituma Sumbawanga bila kuisikia. Zile nyingine Mkurugenzi alizipeleka minadani, zikapigwa kwenye spika kubwa katikati ya ng'ombe na mitumba.

Hazikupita wiki nyingi, Mama Kabula akarudi studio. Safari hii hakukaa. Alifungua pindo la kanga akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi. Mtu alikuwa ameiacha mlangoni kwake. Iliandikwa ahame kabla ya mavuno, la sivyo wasilaumiane, kwa sababu dunia nzima imesikia mnadani kwamba anaimba na watu wa kuzimu. Ninyi wa leo mtacheka. Sisi wa miaka ile, mama mzee mwenye macho mekundu akipata barua kama hiyo, hatukucheka. Tulijua barua hizo zinaishia kwenye mapanga, maana macho mekundu yalitosha mama aitwe mchawi.

"Fundi," akaniuliza, "sauti yangu umeipeleka wapi?"

Nikaenda kwa Mkurugenzi, nikamwomba akusanye kaseti zote na asimame mnadani aeleze. Akacheka. "Maneno hayo ndiyo yanauza! Watu wanaziulizia." Mimi si mtu wa ngumi, lakini siku ile meza yake niliipindua na mhuri wake nikautupa chooni. Nikabeba feiza, amplifaya, spika, maiki na betri ya gari, nikapanda lori na Mama Kabula. Aniite mwizi. Potelea mbali.

Kijijini nilikwenda moja kwa moja kwa kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, mzee mkali mwenye filimbi shingoni. Nikamwambia nataka watu wote, mchana kweupe. Akapuliza filimbi, wakakusanyika mbele ya ghala la pamba. Nikafunga vyombo juu ya mizani ya pamba.

"Kamanda," nikasema, "sema jina lako na la baba yako."

Akasema. Nikakanyaga swichi, nikamwambia arudie. Akarudia, na sauti yake ikazunguka ghala zima, ikaenda, ikarudi. Watu wakarudi nyuma. Wamama wakafunika watoto kwa kanga. Kamanda mwenyewe aliitazama maiki kwa jicho la kuua.

"Haya, kamanda naye ni mchawi?" nikawauliza. "Nani amwandikie barua?"

Nikamwita katekista. Akasema "Tumsifu Yesu Kristu," likazunguka hilo nalo, na watu wakajikuta wameitikia "Milele na milele, amina." Hapo mtu mmoja akaangua kicheko, kisha wakacheka wote. Wakapanga foleni. Kila mmoja alitaka kusema jina lake humo. Nilifungua kifuniko nikawaonyesha transista na betri, nikachomoa betri, sauti ikakatika palepale. Nikawaambia kosa ni langu, mama huyu hakujua kitu.

Kamanda akaichukua ile barua kwa Mama Kabula, akaiinua juu. "Aliyeandika simjui, na asiombe nimjue. Atakayemgusa mama huyu amenigusa mimi." Akaichana. Mpaka leo namheshimu mzee yule.

Halafu watu wakaanza kumwita Mama Kabula. "Imba mayu! Imba bila kiboksi, tukusikie!" Wakamletea na jembe. Akalipokea, akalilaza chini taratibu.

"Jana mlinikimbia njiani," akasema. "Leo mnataka niwaimbie ili mhakikishe kuwa mimi ni mtu? Sitaki." Akanigeukia. "Na wewe Fundi, wabeja, asante, umeniokoa. Lakini hukuniuliza."

Akaenda zake nyumbani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, hakuna aliyemgusa. Wala hakuimba tena. Wenzake waliniambia alipalilia kimya, mstari mzima wa watu, majembe yakishuka ovyo ovyo, naye hata hakuinua kichwa.

Mimi nilirudi Shinyanga. Nilifanya kazi chini ya Padri Msimamizi nikirekodi kwaya, baadaye chini ya Meneja wa ukumbi mmoja wa harusi, mtu mwema asiyejua waya upi ni upi. Kila aliyekuja mbele ya maiki yangu nilimuuliza mara mbili. Waliniona msumbufu. Nimestaafu na usumbufu wangu. Siku hizi wadogo zenu wananiletea nyimbo zao kwenye simu, sauti zimepindwa, zimezungushwa, za bibi zao waliorekodiwa wakitwanga, na nikiuliza "Bibi anajua?" wananicheka. Nanyi mnaniuliza kwa nini nagomba!

Mwaka jana alibisha hodi mama mmoja wa makamo, mrefu. Macho yale yale. Akajitambulisha kuwa ni Kabula, katoka Sumbawanga, mama yake amekwisha kuzikwa. Alikuwa na ile kaseti kwenye mkoba, imefungwa karatasi ile ile.

"Baba, wanasema wewe ndiye uliyemrekodi," akasema. "Mwishoni ananitaja jina, lakini kuna kitu kinazunguka juu yake, simpati vizuri. Naomba ukitoe hicho kitu nimsikie mama."

Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, isipokuwa ile ya mfukoni. Nikamwambia hakitoki. Hakuna fundi wala kompyuta itakayokitoa kikaisha, na ile safi niliifuta mwenyewe. Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama siku ile hapakuwa na kaseti nyingine hata moja.

Nikavuta droo, nikamwonyesha kaseti yangu ya dansi. Bado ninayo. Inalia vizuri, haina hata mkwaruzo.