Vichwa, Mikia na Chupa za Shemeji

Mke wangu hamvumilii mtu anayetikisa kichwa kuitikia jambo asilolielewa. Hata ukiwa mgeni, hata ukiwa umekuja kuposa, atakuuliza umeitikia nini, na usipojibu atakurudia mpaka uanze kutafuta mlango ulipo.

Hasira hiyo aliipatia wodini akiwa bado msichana. Baba yake alikuwa amelazwa. Daktari akapita, akatamka neno refu juu ya kitanda, na ukoo mzima ukatikisa vichwa kama mijusi ukutani. Daktari akaenda zake. Hakuna aliyeuliza, maana nani anataka kuonekana mshamba mbele ya koti jeupe? Mzee akafariki na watu wake hawajui alikuwa anaumwa nini. Baada ya mazishi binti akalitafuta lile neno kwenye kitabu, akakuta kumbe ni vipande viwili vya Kigiriki vilivyoshonwa pamoja. Nefro ni figo. Pathia ni maradhi. Maradhi ya figo, basi. Jambo ambalo mtoto wa chekechea angelielewa, watu wamelifungia ndani ya neno na ufunguo wakautia mfukoni.

Akasomea ualimu wa biolojia. Tangu aanze kazi, ukutani darasani kwake kuna karatasi kubwa ya manila. Upande mmoja ameandika vichwa: kardio, moyo; hemo, damu; hepato, ini; hemi, nusu. Upande wa pili mikia: lojia, elimu; lisi, kuvunjika; plejia, pigo. "Usilikariri, likate," ndiyo kauli yake, na wanafunzi wakambatiza Mama Mkasi. Mimi ni fundi friji, sayansi yangu inaishia kwenye kompresa. Lakini nimewahi kumwona mtoto aliyekuwa analia kwa hofu ya mtihani akilikata neno refu kama treni, behewa baada ya behewa, hadi akacheka. Nilijivuna utadhani nimefundisha mimi.

Sasa shemeji yangu. Huyu ndiye kitindamimba wa mama mkwe, na alikaa kwetu wakati anasoma. Alikaa dawati la mbele darasani kwa dada yake, na hakuna aliyekata maneno vizuri kuliko yeye. Mke wangu alikuwa akirudi jioni ni sifa zake tu, mpaka chakula kinapoa. Akataka udaktari, akaona njia ni ndefu, akakata kona. Leo anauza dawa za chupa mlangoni mwa soko, ana kipaza sauti na koti jeupe, na mtaa mzima unamwita Dokta.

Kilichomo chupani ni majani yaliyochemshwa, sukari na rangi. Nimeonja, najua. Lakini watu hawanunui majani, wananunua jina. Na majina anayatunga mwenyewe, kwa vichwa na mikia aliyoisoma kwenye karatasi ya dada yake. Ile inayotoka zaidi inaitwa Kardiohemolisi. Nilipomuuliza ina maana gani, alicheka akasema, shemeji, maana ya nini? Sikiliza linavyojaa mdomoni.

Hapo ndipo mke wangu alipowaka, na mimi simlaumu. Yeye ametumia ujana wake wote kuyafungua yale maneno. Ndugu yake wa tumbo moja anayafunga upya, halafu anawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Pengine angemwachia Mungu. Lakini siku moja tulienda kumsalimia mama mkwe, na kwenye meza yake, pale vinapokaa vidonge vyake vya presha, tukakuta chupa. Vidonge vimesukumwa ndani ya kabati, nyuma ya vikombe vya wageni. Daktari wa kliniki alikuwa amemwonya wazi kwamba akiviacha ataanguka. Mke wangu alimbembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena. Mama akasema vidonge vinamchosha, na isitoshe hajui hata vinaitwaje.

"Hii najua jina lake limetoka wapi," akasema, akiipapasa chupa. "Si wewe uliyemfundisha?"

Mke wangu alipomwambia kwamba mwanawe ni tapeli, mama alimtazama kwa huruma, kama anayezungumza na mtu asiye na mtoto. "Mtoto akikunyea mkono, huukati."

Kutoka pale tukaenda moja kwa moja sokoni. Nilimwomba asubiri hasira ipoe, nikawa kama nampulizia jiko. Alipita katikati ya wateja, akachukua chupa, akaiinua. Akawaambia yeye ni mwalimu wa biolojia na anataka kuwasomea jina. Kardio, moyo. Hemo, damu. Lisi, kuvunjika. "Mkiunganisha," akasema, "mnauziwa kitu kinachovunja damu moyoni, na aliyekitunga anajua hivyo, kwa sababu nilimfundisha mimi."

Mama mmoja mnene akauliza kama inavunja hata damu iliyoganda, maana hiyo ndiyo inayomsumbua. Mwingine akasema kumbe jina lina elimu ndani, yeye alidhani ni jina tu. Wakaanza kusukumana. Na shemeji yangu, bila haya, akaweka kipaza sauti mdomoni: "Mmemsikia dada yangu mwenyewe. Mwalimu wa biolojia." Siku hiyo alimaliza mzigo mapema.

Alipofika nyumbani mke wangu alikaa kwenye kiti na viatu miguuni, akalia kwa hasira, ile ya kulia huku unapiga paja. Nilitaka kwenda kumvunjia shemeji chupa zake. Nasema ukweli, nilikuwa nimeshachukua spana. Akanizuia, akasema nikivunja chupa, jina litabaki.

Mama mkwe alianguka asubuhi moja, akiosha vyombo. Jirani alisikia sahani ikivunjika. Tulipofika wodini alikuwa amelala chali, mdomo umevutwa upande, macho yanatazama kulia tu. Shemeji alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa upande wa kushoto wa mama yake, ameushika mkono wa upande huo kwa mikono yake miwili, hana koti jeupe, macho mekundu. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nikashindwa, na hilo nalo likaniudhi.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Akafungua faili, akasema, "Hemiplejia," akaongeza kwamba mazoezi yataanza kesho, akahamia kitanda cha jirani. Na shemeji yangu, mtunzi wa majina, akatikisa kichwa.

Mke wangu alikuwa anakunja shuka. Akaliacha.

"Umeitikia nini?"

Akasema hakusikia vizuri.

"Umesikia. Likate."

"Dada, siyo hapa."

"Hapa hapa. Mbele yake."

Shemeji akautazama mkono wa mama yake.

"Hemi," akasema. "Nusu."

Mke wangu akamngoja, vile anavyomngoja mwanafunzi ubaoni, bila kumsaidia hata kidogo.

"Plejia. Pigo."

"Liunganishe."

Shemeji akainamisha uso juu ya ule mkono na mabega yakaanza kutikisika. Mke wangu hakumgusa. Nilimtazama nikaona hasira yake haijapungua hata chembe, na machozi yanamtoka vilevile.

Mama ndiye aliyezungumza. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanatoka kwa nusu ya mdomo, ikabidi tuiname kumsikia. Macho yake yalipita kwangu, yakapita kwa binti yake, sote tukiwa kulia kwake, yakatafuta mlango uliokuwa upande huohuo. Akauliza mwanawe mdogo yuko wapi. Wote wamekuja, mbona yeye hajaja?

Shemeji akainua uso. Akaubana kwa nguvu ule mkono uliolegea, akamwita mama, akasema yuko hapa, amemshika. Mama akaendelea kutazama mlangoni.

"Mkono huo haukujui tena," mke wangu akamwambia. "Zunguka huku."